Alichomwa mkononi, akarudishiwa kamba

Kabla hatujafika kwa daktari wa aleji, binti yangu alikuwa ameshakatazwa mayai na bibi yake, nanasi na mwalimu wake wa madrasa, maziwa na jirani, na kamba na ukoo mzima. Kila aliyemkataza alikuwa na ushahidi. Bibi alimwona akijikuna siku aliyokula yai. Jirani ana mtoto wa dada yake aliyepona pumu baada ya kuachishwa maziwa. Kuhusu kamba mashahidi walikuwa wengi zaidi, maana ilikuwa harusini, Tanga. Mtoto alikula wali kwa mchuzi wa kamba, akaenda kulala mchana na watoto wenzake, na kabla ya magharibi macho yalikuwa yamevimba, pua inachuruzika, kifua kinalia. Tangu siku hiyo kamba wakiingia jikoni, mtu anapaza sauti kutoka chumba cha pili: "Huyo mtoto asiguse!"

Ana miaka tisa. Alipokuwa mdogo alikuwa na pumu ya ngozi, ile inayokaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Ngozi ilipotulia, pua ikaanza. Asubuhi anaamka kwa chafya mfululizo, anasugua pua kwa kiganja kuelekea juu, na kwa kusugua huko amejipatia mstari unaokatiza juu ya ncha ya pua. Madaktari wa aleji wakiuona mstari huo huwa hawaulizi mengi. Halafu ikaja pumu yenyewe, si kali sana, lakini ya kutosha kutuamsha usiku.

Tulikuwa tumeshalipia kipimo kimoja cha damu katika maabara moja mjini. Tulipewa karatasi ndefu, vyakula vimepangwa kwa rangi: vyekundu acha kabisa, vya njano kula kwa nadra, vya kijani ruksa. Mchele ulikuwa njano. Mchele! Baadaye nikaja kuelewa kwamba kipimo kile kilikuwa kinatafuta kingamwili za aina ya IgG, ambazo mwili huzitengeneza kwa chakula chochote unachokizoea. Mtu wa Dar es Salaam akikutwa na IgG za mchele, maana yake ni kwamba anakula wali. Chama cha madaktari wa aleji cha Ulaya kilitoa msimamo mwaka 2008 kwamba kipimo hicho kisitumike kutafutia aleji ya chakula, na wenzao wa Marekani wakakubaliana nao. Hapa kwetu bado kinauzwa, na si kwa bei ya chini.

Kuna na ile mashine ya kushika kichuma mkononi, inayozungushwa kwenye semina za wauza virutubisho. Inakutolea hali ya ini, figo, mifupa na "aleji zako zote" kwa dakika moja, na kwa bahati njema muuzaji ana kopo linalotibu vyote hivyo. Hiyo siisemi zaidi.

Daktari aliyetupokea ni mama wa makamo, mpole, ila ukimpa jibu la jumla anakurudisha mwanzo. Mama mkwe wangu alikuja nasi kuhakikisha hakuna kinachofichwa. Nilidhani tutaingia, mtoto atachomwa visindano vya kipimo cha ngozi mkononi, tutapewa orodha ya vilivyokatazwa, tuondoke. Badala yake muda mwingi ulikwenda kwenye maswali, na sindano hatukuziona kabisa siku hiyo.

"Mayai anakula?"

"Hapana, daktari. Yanamdhuru."

"Keki?"

"Keki anakula."

"Keki za kwenu zinapikwa bila mayai?"

Mama mkwe akaingilia kwamba yai la kwenye keki limeungua vya kutosha, haliwezi kuwa sawa na yai la kukaanga. Nilitegemea daktari atacheka. Hakucheka. Akasema, "Bibi una hoja," akatueleza kwamba kweli wapo watoto wenye aleji ya mayai wanaoweza kula keki wakadhurika kwa yai lisiloiva sana, kwa sababu moto wa muda mrefu huzivunja baadhi ya protini za yai. Kisha akamgeukia mwenyewe.

"Mama, chipsi mayai unakula?"

Mtoto akatutazama mmoja mmoja. Akasema shuleni huwa anakula. Mara ngapi? Kila akipewa hela. Na akila anawashwa, anatapika, anavimba? Hapana. Daktari akachukua kalamu, akakata neno mayai kwenye karatasi yetu. Halikupimwa hata siku moja.

"Anachokila mara kwa mara akiwa mzima, sikipimi," alisema. "Nikikipima, naweza kupata kivimbe, halafu mtaanza kumnyima chakula kisicho na kosa."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo wengi tunaokwenda kupima hatuambiwi. Kipimo cha ngozi hakisemi "huyu anaumwa na kitu fulani." Kinasema mwili wake umeshakitambua kitu hicho na umekiandalia kingamwili. Kukitambua ni jambo moja, kuugua kwa sababu yake ni lingine, na kinachoziunganisha habari hizo mbili ni maelezo ya mgonjwa. Kwa aleji za chakula za papo kwa papo, ngozi ikisema hapana, unaweza kuiamini zaidi ya mara 95 kati ya 100. Ikisema ndiyo, bila historia ya kuaminika, uwezekano wa kwamba mtu ataugua akila ni nusu, wakati mwingine chini ya hapo. Ndiyo maana daktari mzuri hapimi vitu hamsini kwa mpigo. Anauliza kwanza, anabaki na washukiwa wachache, hao ndio wanaopelekwa kwenye ngozi.

Maziwa yalikatwa kwa njia hiyohiyo, maana chai ya maziwa haijawahi kukosekana nyumbani kwetu, marufuku au si marufuku. Nanasi lilikatwa kwa sababu kilichokuwa kinatokea ni ulimi kuwasha na midomo kuchonyota kidogo. Nanasi lina kimeng'enya kinachokula protini, bromelaini, na linaweza kumchonyota yeyote akilishambulia vya kutosha. Wakabaki vumbi, wadudu wa nyumbani, wanyama, ukungu, nyasi, na kamba.

Tukapewa masharti. Dawa za aleji za kumeza, cetirizine na loratadine, zisitumike kwa siku 7 kabla ya kipimo. Piriton nayo marufuku, pamoja na zile sirapu za kikohozi na mafua ambazo nyingi zina dawa hiyohiyo ndani yake bila mnunuzi kujua, kwa hiyo kila chupa ya kabatini isomwe maandishi. Dawa hizi huzuia histamini, na histamini ndiyo inayofanya ngozi ivimbe. Ukiwa nazo mwilini, kipimo kinaweza kusoma hapana kwa kila kitu. Hata amitriptyline, ambayo watu hupewa kwa usingizi au maumivu ya neva, ina tabia hiyo. Dawa ya kuvuta ya pumu aendelee nayo kama kawaida, wala asiiache hata siku moja, kwa sababu mtu ambaye pumu yake haijatulia hachomwi.

Na siku yenyewe mkono usipakwe mafuta. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Mtoto wa Kiswahili atoke nyumbani aende hospitali, mbele za watu, mkono umepauka! Bibi yake alimtazama kama yatima.

Wiki ile bila dawa ilikuwa ya mateso, nisidanganye. Chafya zilianza kabla ya adhana ya alfajiri.

Siku ya kipimo, kwanza alipuliza kwenye kile kibomba cha kupimia nguvu ya pumzi. Kilipotoa namba ya kuridhisha, nesi akamlaza mkono juu ya mto, ndani ya mkono ukitazama juu, akaanza kuandika namba kwa kalamu, moja hadi kumi na mbili, safu mbili, nafasi ya kama sentimita 2 au zaidi kati ya namba na namba, mbali kidogo na kifundo na mkunjo wa kiwiko. Kando ya kila namba akadondosha tone. Chupa zilikuwa ndogo, zimepangwa kwenye trei kutoka kwenye friji. Kisha akachukua visindano vya plastiki vyenye kincha cha milimita 1, akachoma katikati ya kila tone, kisindano kipya kwa kila tone, ili cha namba nne kisiende kuchanganyika na cha namba tano. Damu haikutoka. Hilo si bahati, ndivyo inavyotakiwa: ncha ipenye ngozi ya juu tu.

"Mwanangu, ni kama mbu tu," nesi alimwambia.

"Mbu kumi na mbili," akajibu.

Kati ya kumi na mbili, mawili si ya aleji. Moja ni histamini yenyewe, ambayo lazima ivimbe kwa kila binadamu. Isipovimba, basi kuna dawa mwilini na kipimo chote kinatupwa. La pili ni maji ya chumvi, ambayo hayatakiwi kufanya lolote. Yakivimba, ngozi ya mtu huyo inavimba kwa kuguswa tu, na majibu mengine yote yanatiliwa shaka. Kumi yaliyobaki yalikuwa utitiri wa vumbi (vile vidudu vinavyoishi kwenye vumbi la magodoro na mito) aina tatu, mende, paka, mbwa, ukungu aina mbili, nyasi ya ukoka, na kamba. Pembeni, kwenye kisahani cha chuma, kulikuwa na adrenalini. Mtu kupata mshtuko wa mwili mzima kwa kipimo hiki ni nadra sana, lakini ni sababu tosha ya kutokubali kuchomwa mahali ambapo dawa hiyo haipo.

Halafu mnakaa dakika 15, na mtoto haruhusiwi kujikuna. Wala msomaji wangu usidhani dakika 15 ni kitu kidogo.

Nilizitumia kusoma habari za waliotangulia, na historia ya kipimo hiki imejaa madaktari waliojidhuru wenyewe. Charles Blackley, daktari wa Manchester, alikuwa na mafua ya kila kiangazi. Akajikwangua ngozi ya mkono, akaweka chavua ya nyasi iliyoloweshwa, na pale penye chavua pakawasha na kuvimba. Alichapisha majaribio yake mwaka 1873, wakati wenzake wengi bado wanalaumu joto na mwanga wa jua. Mwaka 1921, katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland, Carl Prausnitz alichukua maji ya damu ya mwenzake Heinz Küstner, ambaye hakuweza kula samaki, akajichoma nayo chini ya ngozi yake mwenyewe. Kesho yake akachoma dondoo la samaki palepale. Pakavimba. Prausnitz hakuwa na aleji ya samaki. Ilikuwa imehamishwa ndani ya bomba la sindano. Kwa miaka mingi madaktari walitumia njia hiyo kupimia wagonjwa kwa ngozi za watu wengine, hadi hofu ya homa ya ini ikaimaliza.

Kilichohama kwenye damu ile kilikuja kutambuliwa zaidi ya miaka 40 baadaye. Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke, wakifanya kazi Denver, na wenzao wa Uppsala nchini Sweden, Johansson na Bennich, kila upande kwa njia yake, walifikia kingamwili moja iliyopewa jina la IgE mwaka 1968. Hukaa imejishikiza juu ya seli maalumu zilizojaa histamini, na seli hizo zimetapakaa ngozini, puani na kwenye mapafu. Kitu kinachotambuliwa kikipita, seli zinafunguka. Histamini inalegeza kuta za vijishipa vya damu, maji yanavuja, pananyanyuka kivimbe. Ndiyo maana mkono unaweza kutumika kuulizia habari za pua.

Nesi aliporudi, nilitazama mkono nikaona namba tu. Picha za kipimo hiki mtandaoni karibu zote ni za ngozi nyeupe, ambayo kila kivimbe kimezungukwa na duara jekundu linaloonekana kutoka mlangoni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu ule huwa hauonekani vizuri, na asiye na uzoefu anaweza kuandika hapana penye ndiyo. Nesi huyu hakuhangaika na rangi. Alizima taa ya juu, akawasha ya mezani, akauinamisha mwanga uje kwa ubavu, vivimbe vikatupa vivuli. Kisha akapapasa kila namba kwa ncha ya kidole akiwa kama anasoma. Ukingo wa kila kivimbe akauzungushia wino, akabandika utepe mwangavu juu yake, akaubandua pamoja na duara la wino, akaupachika kwenye fomu. Sasa vivimbe vya binti yangu vimo ndani ya faili, vimepimwa kwa rula, na daktari yeyote akitaka anaweza kuvipima tena.

Histamini, milimita 5. Maji ya chumvi, sifuri. Utitiri aina ya kwanza, 9. Aina ya pili, 6. Ile ya tatu, Blomia tropicalis, inayopenda sana nchi za joto na unyevu kama pwani yetu, 8. Mende, 5. Paka, mbwa, ukungu, ukoka, vyote sifuri. Paka wa nyumbani, ambaye mama mkwe alishamtafutia gunia la kumhamishia, akaokoka.

Kamba, 4.

Kanuni ni kwamba kivimbe kikizidi cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, kinahesabiwa ndiyo. Kwa hiyo kamba ni ndiyo. Bibi alivuta pumzi ya mtu aliyeshinda kesi.

Daktari akarudi kwenye harusi ya Tanga. Mtoto alikula saa ngapi? Baada ya adhuhuri. Alianza kuvimba saa ngapi? Jioni, alipoamka. Aleji ya kamba ya aina hii kwa kawaida huanza ndani ya dakika chache, ikichelewa sana saa mbili tangu kula. Alitapika? Midomo ilivimba? Vipele mwilini? Hapana, hapana, hapana. Ni macho, pua na kifua. Alilala wapi? Chumba cha nyuma, na watoto wengine, kwenye magodoro ya wageni. Magodoro ya wageni huwa yanakaa wapi? Stoo. Na mito? Mito ya sufi, ya bibi mkubwa, ya tangu zamani.

Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Lakini kivimbe cha milimita 4 kilikuwepo, na hakiwezi kufutwa kwa maneno. Maelezo yake ni mazuri sana kiasi kwamba nimekuwa nikiyarudia kila kwenye mkeka. Misuli ya utitiri, ya mende na ya kamba ina protini moja inayofanana mno, inaitwa tropomiosini. Hawa wote ni wa kundi moja la viumbe, wenye miguu ya vipingili na gamba nje. Mtu aliyevuta vumbi la utitiri na la mende miaka yote anaweza kutengeneza kingamwili zinazomkamata kamba pia, hata kama hajawahi kumla. Wengine kweli huishia kuugua kwa kamba kwa njia hiyo. Wengine wanavimba mkononi tu, na mezani hakuna kinachotokea. Ngozi haiwezi kukutofautishia. Ukubwa wa kivimbe nao hautasaidia: kikubwa huongeza uwezekano kwamba aleji ni ya kweli, ila hakikuambii itakuwa kali kiasi gani ikitokea.

Njia ya kutofautisha ni kula mbele ya watu wanaojua la kufanya. Tulirudi hospitali asubuhi nyingine na kamba waliochemshwa kwa chumvi. Alianza na kipande kama punje ya mchele, wakamsubiri, wakamtazama ngozi, wakamsikiliza kifua. Kikafuata kikubwa zaidi, wakasubiri tena. Hivyo hivyo, kila mara wakiongeza, huku nesi akiwa haondoki na adrenalini iko pale. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba kwa mikono miwili. Alipofika kamba mzima wa tatu akauliza kama hospitali ina ndimu.

Naomba jambo hili lisijaribiwe nyumbani na mtu aliyewahi kuvimba midomo au kubanwa pumzi baada ya kula kitu. Nilishasikia wanaosema "tumpe kidogo kidogo azoee." Kidogo hicho kinaweza kuwa ndicho.

Kuna suala moja ambalo daktari aliligusa mwanzoni, nikaona kama halituhusu: lini mtoto alikunywa dawa ya minyoo? Nilijibu, nikasahau, kisha nikaja kusoma. Kumbe IgE, kabla ya kuwa balaa la wenye aleji, ni silaha ya mwili dhidi ya minyoo. Mtu mwenye minyoo au kichocho huwa na IgE nyingi katika damu, na hapo kipimo cha damu kinaweza kuchanganya mambo. Huko Ghana, watafiti walikuta watoto wa shule wengi wenye IgE za karanga kwenye damu, lakini walipochomwa ngozini, wachache sana walivimba, na karanga walikuwa wanakula bila tatizo. Sehemu kubwa ya IgE zile ilihusiana na kichocho, kwa sababu vimelea na mimea huwa na sukari zinazofanana juu ya protini zao. Hebu fikiria mtoto wa kandokando ya Ziwa Victoria au wa Pemba akipimwa damu tu, majibu yakatoka "aleji ya karanga", familia ikamwondolea karanga, chakula chenye nguvu na cha bei nafuu kuliko nyama.

Upande wa pili ni wa kushangaza zaidi. Nchini Gabon, utafiti wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba watoto wenye kichocho waliovimba kwa utitiri wa vumbi walikuwa wachache kuliko wenzao wasio nacho. Mwaka 2004 watafiti wa huko wakaripoti kwamba watoto waliopewa dawa za minyoo mara kwa mara, ngozi zao zilianza kuuitikia utitiri zaidi. Na Entebbe, Uganda, akina mama waliopewa albendazole, dawa ya minyoo, wakiwa wajawazito, watoto wao walipata pumu ya ngozi zaidi. Minyoo, kwa ajili ya kujilinda yenyewe, huutuliza mwili usichachamae. Hii haina maana tuwarudishie watoto minyoo. Upungufu wa damu si mchezo. Ila ikija mashine ya bei mbaya kutoka nje na majedwali yaliyotengenezwa kwa watoto wa Stockholm, tuna haki ya kuuliza inasomaje damu ya mtoto wa Sengerema.

Nyumbani, majibu yalitupa kazi. Utitiri wa vumbi hauonekani kwa macho. Unakula magamba ya ngozi zetu yanayopukutika na unakunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo Dar es Salaam kwake ni peponi. Waholanzi wa Leiden, Voorhorst na Spieksma, ndio waliogundua miaka ya 1960 kwamba vumbi la nyumba linaudhi kwa sababu yake. Zulia limeondoka sebuleni, mkeka umerudi. Mito ya sufi imeondoka, jambo lililoleta maneno. Mashuka yanafuliwa kwa maji ya moto kweli, nyuzi 60, na godoro limevalishwa mfuko wa zipu. Mende nao wanapigwa vita kwa chambo, maana dawa ya kupuliza inamkaba mtoto kifua kabla haijawafikia wao. Hata hivyo daktari alikuwa muwazi kwamba tafiti za kupunguza utitiri peke yake hazijaonyesha faida kubwa kwa wenye pumu, na kwamba itakayomsaidia zaidi ni ile dawa ya kupuliza puani kila siku, hata akijisikia mzima. Kweli, pua imekauka. Kuna na matibabu ya kumzoesha mtu kitu kinachomdhuru kwa dozi ndogondogo, yaliyoanzishwa na Leonard Noon mjini London mwaka 1911. Yanachukua kama miaka 3 na bila kipimo cha aleji huwezi kujua umzoeshe nini. Hatujafika huko.

Sasa habari zimeenea, na kila ndugu anataka "kuchomwa mkono". Wifi yangu ndiye wa kwanza. Yeye alipakwa piko kwa ajili ya sherehe, siku ya pili mikono ikawasha, ya tatu ikatoa malengelenge yaliyofuata maua yaleyale aliyochorwa, jani kwa jani. Hina ya kawaida haina tabia hiyo. Piko jeusi ni unga wa rangi ya nywele, wenye kemikali iitwayo PPD.

Daktari alimwambia kuchomwa mkono hakutamsaidia kitu. Aleji yake si ya IgE na histamini, ni ya seli za damu zinazokuja polepole, kwa hiyo ukisubiri dakika 15 hutaona kitu. Kipimo chake ni cha viraka, kilichobuniwa na Josef Jadassohn mwaka 1895, mjini Breslau vilevile; sijui mji ule ulikuwa na nini. Vitu vinavyoshukiwa huwekwa kwenye vikombe vidogo, vikabandikwa mgongoni kwa plasta, vikakaa saa 48. Ndiyo maana hubandikwa Jumatatu, hubanduliwa na kusomwa Jumatano, husomwa tena Ijumaa, kwa kuwa vingine huchelewa kuonekana. Akikutwa na aleji ya PPD, rangi nyingi za nywele naye basi, maisha yake yote, na ni vizuri ajue sasa kabla hajaanza kuficha mvi.

Sharti moja ndilo lililomfanya aahirishe miadi mara ya pili: mgongo usiloe maji wala jasho tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Anasema atakwenda Julai, kukiwa na kipupwe.